Sharti Likipanda, Saa za Darasani Nazo Zipande

Binti wa familia moja ya Kikongo ninayoitafsiria hapa Marekani alimaliza haiskuli mwezi wa 6. Akavaa joho, akapigwa picha na mama yake na shangazi zake watatu, na kabla hatujakaa kula, picha zilikuwa zimeshafika kwa ndugu waliobaki Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Tanzania. Mwezi wa 8 nikamsindikiza kwenye chuo cha miaka 2 kilicho karibu nasi, akajiandikishe kwa ajili ya uuguzi. Wakamkalisha mbele ya kompyuta afanye mtihani wa kupima kiwango. Haikupita saa, karatasi ikatoka: kabla hajagusa hesabu inayohesabiwa kwenye uuguzi, asome kwanza kozi mbili za matayarisho. Zinalipiwa kama kozi nyingine yoyote, ila haziingii kwenye shahada wala kwenye cheti.

Mama yake, mzaliwa wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliishika ile karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, kisha akaniuliza: “Kaka, mtoto wangu alimaliza masomo ao hakumaliza?”

Nikamwambia amemaliza, kwa mujibu wa sheria ya jimbo. Niliona usoni mwake kwamba jibu hilo halikumfaa kitu, na tangu siku ile halijanitoka kichwani.

Ninatafsiri kwenye vikao vya shule hapa eneo la Grand Rapids, magharibi mwa Michigan, ambako familia nyingi za Kikongo zimepewa makazi baada ya miaka mingi ya kambi. Binti huyu alifika akiwa na miaka 14 na akaingizwa gredi ya 9, mwaka wa kwanza wa haiskuli, kwa sababu ya umri, si kwa sababu ya alichokuwa ameshasoma. Kwa ruhusa yake nimeitazama transkripti yake, yaani orodha ya kozi zote alizosoma na alama zake, mara nyingi. Aljebra ya kwanza, C. Jiometri, C. Aljebra ya pili, D. Hesabu ya mwaka wa mwisho, D. Krediti nne za hesabu, moja kwa kila mwaka wa somo, kama sheria inavyotaka. Hakuna kilichopungua.

Sheria yenyewe ina historia inayoeleweka. Mpaka mwaka 2006, somo pekee ambalo jimbo la Michigan lilimlazimu kila mwanafunzi alisome ili amalize haiskuli lilikuwa uraia, nusu krediti. Mengine yote yaliachiwa wilaya za shule. Aprili mwaka huo Gavana Jennifer Granholm alisaini mtaala mpya wa lazima: Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 4 ikiwemo aljebra ya pili, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, sanaa, afya na mazoezi ya mwili, na baadaye lugha ya pili kwa miaka 2. Viwanda vya magari vilikuwa vinapunguza watu. Baba aliyetoka shule Ijumaa na kuingia kiwandani Jumatatu, akajenga nyumba na kulea watoto kwa mshahara ule, hakuwa tena na njia hiyo ya kumrithisha mwanawe. Jimbo likaamua kwamba kila mtoto atoke na elimu ya kumfikisha chuoni au kwenye kazi yenye staha.

Michigan haikuwa peke yake. Tangu tume ya kitaifa iliyoitishwa na Waziri wa Elimu Terrel Bell ilipotoa ripoti yake mwaka 1983, ikitaka kila mwanafunzi wa haiskuli asome Kiingereza miaka 4, hesabu 3, sayansi 3, maarifa ya jamii 3 na kompyuta nusu mwaka, majimbo ya Marekani yamekuwa yakipandisha masharti wimbi baada ya wimbi. Texas iliweka kanuni ya nne kwa nne: miaka 4 ya kila somo kati ya manne makuu. Los Angeles iliamua mwaka 2005 kwamba wanafunzi wake wote wasome zile kozi 15 zinazotakiwa na vyuo vikuu vya umma vya California.

Niseme wazi kwamba naunga mkono kupandisha masharti. Kabla ya hapo aljebra ilikuwa na mlinda mlango, na mlinda mlango huyo mara nyingi alikuwa mtu mmoja mwenye orodha ya vipindi mkononi. Anaitazama sura ya mtoto, jina lake na mtaa anaotoka, anamwandikia “hesabu za kawaida”. Mtoto anafurahi kwa sababu ni rahisi, mzazi hajui kinachoendelea, na mlango wa uuguzi, uhandisi na ualimu unafungwa akiwa na miaka 14 bila mtu kupaza sauti. Sharti la jimbo lilimnyang’anya mlinda mlango yule funguo. Kwa watu wetu, ambao wengi hawana ndugu aliyepita njia hii kabla yao, hilo ni jambo kubwa.

Ila kumwandika mtoto kwenye darasa la aljebra ni kazi ya karani, na kumfundisha ni kazi nyingine kabisa. Watafiti wa vyuo vikuu vya hapa Michigan waliofuatilia vizazi vya kwanza vya sheria ya 2006 waliona mabadiliko madogo sana. Alama za sayansi kwenye ACT, mtihani unaotumika kuombea vyuo, zilipanda kidogo, kwingineko hapakuwa na jambo la kutangaza, na kwa walioingia gredi ya 9 wakiwa dhaifu, habari za kumaliza shule zilikuwa za mchanganyiko. Ripoti yao iliuliza kama matarajio peke yake yanatosha. Mimi ninayekaa kwenye vikao vile naona jibu kila wiki: hayatoshi.

Chicago ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko jimbo letu.

Mwaka 1997 wilaya ya shule za Chicago ilifuta hesabu za kujazia na kuamuru kila anayeingia gredi ya 9 asome aljebra, pamoja na Kiingereza na sayansi za kiwango cha kumpeleka chuoni. Uliokuwa mfano wa ujasiri nchi nzima ukafuatiliwa kwa miaka na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wenye krediti ya aljebra waliongezeka, kama ilivyotarajiwa. Waliofeli wakaongezeka pia. Alama za mitihani hazikupanda. Wanaoingia chuo hawakuongezeka. Jina la somo lilibadilika kwenye ratiba. Mwalimu alikuwa yule yule, dakika zile zile 45, na watoto ambao jana walikuwa wanahangaika na sehemu, leo wameandikiwa herufi mahali pa namba.

Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo, wakasema: mnaona, si kila mtoto ameumbwa kwa aljebra. Sehemu ya pili husimuliwa mara chache. Mwaka 2003 Chicago ilijaribu jambo jingine. Wanafunzi wote waliopata chini ya kiwango cha katikati cha taifa kwenye mtihani wa gredi ya 8 wakapewa vipindi viwili vya aljebra kwa siku badala ya kimoja. Aljebra ile ile, mara mbili ya muda. Walimu wakapewa zana za kufundishia na mafunzo ya namna ya kuutumia muda ule wa ziada. Mwanzoni ilionekana kama haikuzaa matunda, kwa sababu idadi ya wanaofeli haikushuka kama wakubwa walivyotaka, na baada ya muda mfupi wilaya ikalegeza usimamizi wake. Watoto wakaendelea na maisha yao. Watafiti walipokuja kuwatafuta miaka kadhaa baadaye, wakakuta kwamba wale wa vipindi viwili walimaliza haiskuli kwa wingi zaidi na kuingia chuo kwa wingi zaidi kuliko wenzao waliopata alama zinazokaribiana nao kabisa ila wakaangukia upande wa pili wa mstari.

Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wanasoma kwa shida. Nikirudi kwenye sentensi hiyo, namwona yule binti.

Kipindi kimoja cha ziada kikoje? Dakika 45 mara siku 180 za mwaka wa shule ni saa 135. Ndani ya saa hizo mtoto anapata nafasi ya kulisoma swali kwa sauti, kulieleza kwa maneno yake, kukosea mbele ya mtu mzima na kurudia. Darasa la kawaida halina nafasi hiyo.

Nilijionea kwenye meza ya jikoni kwao. Alikuwa anajiandaa kurudia ule mtihani wa kupima kiwango. Nikampa mlinganyo wa kipeo cha pili, akaukokotoa bila kunyanyua kichwa, kwa hatua safi kama mtu anayesuka ukili. Tukaja kwenye swali la maneno: lori limenunuliwa kwa dola 24,000, thamani yake inapungua kwa asilimia 15 kila mwaka, baada ya miaka 3 lina thamani gani? Akaganda. Kalamu ikabaki hewani. Nilidhani asilimia ndizo zimemshinda. Kumbe ni kitenzi kimoja cha Kiingereza, kile cha kitu kupungua thamani kwa kuchakaa. Hakuwahi kukutana nacho, na bila hicho swali zima lilikuwa giza. Nikamsomea kwa Kiswahili. “Aaa, kumbe linazeeka tu,” akasema, akaandika 0.85, akazidisha bei ya lori kwa namba hiyo mara tatu mfululizo, na jibu la dola 14,739 likatoka kabla chai haijapoa.

Miaka 4 ya hesabu, na hakuna aliyejua kwamba tatizo lake halikuwa hesabu. Mwalimu mwenye wanafunzi 30 na zaidi kwa kipindi asingeweza kujua. Alimwandikia D kwa wema, na siwezi kumlaumu, maana angemwandikia F asingevaa joho. Hivi ndivyo sharti lisilo na msaada linavyoendeshwa: linabanwa kutoka juu, linalegezwa kutoka chini, na anayelipa gharama ya kulegezwa kule ni mtoto.

Los Angeles walilifanya hili rasmi. Ulipokaribia mwaka ambao kila mhitimu alitakiwa awe na zile kozi 15, hesabu zikaonyesha kwamba maelfu wasingemaliza. Mwaka 2015 bodi ya shule ikakubali D itoshe kumaliza haiskuli, huku vyuo vikuu vya umma vya jimbo vikiendelea kudai C. Mwanafunzi akaweza kukamilisha orodha yote ya kozi za kuingilia chuo kikuu na bado asistahili kuingia. Kozi za kompyuta za kufidia masomo yaliyofeliwa nazo zikatumika kwa kasi, na idadi ya wanaomaliza ikapanda.

Kitaifa hali inafanana. Wanaomaliza haiskuli kwa miaka 4 walikuwa asilimia 79 mwaka 2011 na asilimia 87 mwaka 2022. Kwenye mtihani wa taifa wa mwaka 2024 wa gredi ya 12, asilimia 45 ya wanafunzi walikuwa chini ya kiwango cha msingi cha hesabu. Tarakimu hizi mbili zinahusu watoto wa nchi moja. Vyeti vinaongezeka, na anayekishika cheti hajui kina nini ndani mpaka afike mbele ya kompyuta ya chuo.

Kwa mtoto wa familia isiyo na akiba, kujua kwa kuchelewa kuna bei. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wanafunzi wa kipato cha chini, ina kikomo cha mihula 12 kwa maisha yote. Mihula miwili ya kozi zisizohesabiwa inakatwa humo humo. Binti wa Fizi anaanza chuo akiwa ameshapungukiwa, na kilichopotea ni mambo ambayo haiskuli ilitakiwa kumpa bure.

Wapo wanaosema dawa ni kushusha. Texas iliondoa aljebra ya pili kwenye sharti la kila mtu mwaka 2013, na mitihani ya mwisho wa kozi ikapungua kutoka 15 hadi 5. Mwaka uliofuata Michigan nayo ikaruhusu mafunzo ya ufundi yenye maudhui ya hesabu yachukue nafasi ya aljebra ya pili. Massachusetts, jimbo lililosifiwa sana kwa shule zake, wapiga kura wake Novemba 2024 walifuta kufaulu mtihani wa jimbo kama sharti la kumaliza. New York imeshatangaza kwamba mitihani ya jimbo lake ya haiskuli, iitwayo Regents, haitakuwa lazima tena ili kumaliza.

Hoja ya ufundi naiheshimu, wala sitaki isemwe kwamba naidharau kazi ya mikono. Nina mpwa mchomeleaji, mshahara wake unanizidi. Lakini nenda kakae naye siku moja. Mchoro umejaa sehemu za inchi, moja ya kumi na sita hapa, tatu ya nane pale, pembe za kukatia bomba na jedwali la joto la kila aina ya chuma. Aliyemwambia kijana kwamba ufundi ni mahali pa kukimbilia hesabu alimdanganya. Somo la hesabu linaloanzia kwenye karakana linaweza kuwa zuri kuliko la ubaoni, mradi liwe somo kweli na liwe na mwalimu anayejua vyote viwili. Ninachokataa ni njia ya ufundi kugeuzwa ghala la kuhifadhia watoto ambao shule haikutaka kuhangaika nao. Na kwenye ghala kama hilo wa kwanza kuingizwa ni wenye lafudhi kama yetu. Nimekaa kwenye vikao ambako mzazi alipewa fomu ya kubadilisha mtaala wa mtoto, jambo ambalo sheria ya Michigan inaliruhusu, na akaambiwa tu kwamba itamsaidia amalize. Ni kweli, itamsaidia amalize. Lakini mlango gani unafungwa kwa sahihi ile hakuna aliyemweleza, mpaka nilipoinua mkono kuuliza.

Nyumbani nako swali hili limefika. Mwaka 2025 Wakenya walibishana vikali baada ya hesabu kuondolewa kwenye masomo ya lazima ya sekondari ya juu, na kabla mwezi wa 4 haujaisha Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba itarudi kwenye njia zote tatu za masomo ambazo wanafunzi hugawanywa, nzito kwa wa sayansi na teknolojia na nyepesi kwa wengine. Tanzania ilianza mwaka 2024 kuwagawa wa sekondari kwenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Mabishano yote niliyoyafuatilia yalikuwa juu ya nani asome nini. Sikusikia wengi wakiuliza ni vipindi vingapi kwa wiki, na ni mwalimu yupi atasimama kwenye chumba cha watoto 70.

Ningependa sheria iandikwe kwa pande mbili. Jimbo likimwambia mtoto wa miaka 14 kwamba hatamaliza bila aljebra ya pili, ukurasa huo huo umfunge mkuu wa shule: kila anayeingia akiwa nyuma, kipindi cha pili kiwepo kwenye ratiba yake kuanzia wiki ya kwanza ya gredi ya 9, na si wakati wa kiangazi baada ya kufeli. Anayejifunza Kiingereza apimwe hesabu kwa lugha anayoijua, angalau mara moja, ili ijulikane anakosa nini hasa. Herufi anayopewa iwe na maana ile ile shuleni na chuoni. Hilo lina gharama, na gharama yake ni walimu. Jimbo lisilotaka kuilipa lisipandishe sharti, kwa sababu litakuwa linamwandikia mtoto deni kwa jina lake.

Mzazi unayesoma haya ukiwa Marekani, usisubiri sheria. Omba transkripti kila mwisho wa muhula, si ripoti ya alama tu. Uliza D ya mtoto wako inakubaliwa wapi na inakataliwa wapi. Na kama uko Michigan, uliza kuhusu krediti za lugha. Sheria inampa mwanafunzi nafasi ya kuthibitisha ujuzi wake kwa mtihani, na mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili ana ujuzi tayari. Krediti mbili hizo zikipatikana kwa lugha ya mama yake, zinafungua nafasi mbili kwenye ratiba.

Nafasi hizo nilizikumbuka wiki iliyopita. Mdogo wake yule binti anaingia gredi ya 9, tukaenda kikaoni, mimi, yeye na mama. Mama alikuwa ameandika maswali yake nyuma ya bahasha, matano, kwa mkono wa polepole. La kwanza lilikuwa: nani atakaa na mtoto wangu kwenye hesabu akishindwa kuelewa, na saa ngapi? Kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, mama mwenye huruma na kazi nyingi, aliifungua ratiba kwenye kompyuta, akaipandisha na kuishusha. Kipindi cha pili cha hesabu kipo, akasema, kimeanza mwaka huu, lakini kiko saa ile ile ya kuchora.

Kijana anapenda kuchora. Ukuta mzima wa sebule yao umejaa penseli yake: mitumbwi, ziwa Tanganyika, nyuso za watu wa kambini. Nilitafsiri, kisha nikanyamaza. Mama hakumwamulia. Alimgeukia, akaivuta ile bahasha karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini kama krediti za Kiswahili zingeweza kupatikana mapema, ili mwakani kuchora kurudi. Kijana akamtazama kaunsela, akaniomba niulize, na nikauliza.